Nani Alimwogopa Bibi Zura?

Hoja iliyo mezani ni hii: je, sinema za Maziwa Makuu zimpe mchawi mwema nafasi ya shujaa, au kwa kufanya hivyo zinacheza na moto? Swali hili linaweza kuulizwa popote, lakini Gisenyi, Rwanda, lina uzito wa pekee. Mji huu uko miguuni mwa Nyiragongo, mlima ambao masimulizi ya kubandwa, ibada ya kale ya mizimu, yaliugeuza jehanamu: waliokufa bila kuingizwa katika ibada hiyo ya Ryangombe, mkuu wa mizimu, walitupwa kwenye moto wake, na walioingizwa walikwenda kustarehe naye juu ya mlima Karisimbi. Mizimu ya hapa ina anwani, na anwani mojawapo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Isitoshe, huu ni mji wa mpakani. Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma, ng'ambo ya Kongo, hupishana pale kwenye kivuko cha Petite Barrière tangu alfajiri, na pamoja na nyanya, unga na vitenge huvuka pia habari za nani kamroga nani.

Filamu iliyozusha mjadala inaitwa Bazigaga. Ni filamu fupi ya mwaka 2022 ya Jo Ingabire Moys, Mnyarwanda aliyenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na anayefanya kazi yake Uingereza. Mwaka 2023 iliingia kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya BAFTA ya filamu fupi ya Uingereza. Kisa chake ni cha zamani kuliko sinema yenyewe: mpita njia aliyeishiwa na njia anabisha kwenye kibanda cha mwanamke anayeogopwa na kijiji kizima. Mpita njia huyo ni mchungaji, amekimbia na binti yake mdogo, mwaka ni 1994, na nyuma yake kuna wanamgambo. Mwenye kibanda ni Bazigaga, anayechezwa na Eliane Umuhire. Mchungaji anajikuta chini ya paa ambalo kazi yake ilikuwa kuwaonya watu wasilikaribie.

Bazigaga ametokana na mtu aliyeishi. Zura Karuhimbi alikuwa mganga wa mitishamba katika kijiji cha Musamo, Ruhango, bibi kizee mwenye nyumba ya vyumba viwili. Mwaka 1994 aliwaficha watu zaidi ya 100: wengine chini ya kitanda, wengine darini, wengine katika mashimo shambani. Hakuwa na bunduki wala ndugu mwenye cheo. Alikuwa na majani yanayowasha. Alijipaka dawa hiyo mwilini, na wanamgambo wa Interahamwe walipofika mlangoni aliwagusa; ngozi ikaanza kuwawasha papo hapo, naye akawaambia kwamba huo ni mwanzo tu, wakivuka kizingiti watakuwa wamejichimbia makaburi, na roho ya Nyabingi itawageukia wao na jamaa zao. Akatikisa bangili na chochote chenye mlio, ili walio nje wasikie kwamba ndani kuna kitu kimeamka. Watu waliotoka kuua kwa jirani walirudi nyuma kwa ajili ya upele na mlio wa bangili. Mwaka 2006 alipewa nishani ya taifa ya waliopinga mauaji ya kimbari, na Desemba 2018 akafariki.

Msimamo wangu katika mjadala huu ni kwamba mchawi mwema anastahili kuwa shujaa wa sinema zetu, kwa sharti moja: uchawi wake usipewe kazi ambayo tayari inafanywa na woga wa watu. Nguvu za Zura zilikaa katika vichwa vya wauaji. Waliingia nazo Musamo wenyewe, walizirithi kwa bibi na babu zao, na yeye akawageuzia. Wema wake ni jambo jingine kabisa. Wema ulikuwa uamuzi wa kutumia woga ule kuwakinga wengine, ilhali angeweza kuutumia kujikinga peke yake na kulala usingizi. Filamu inayochanganya mambo haya mawili, ikatuonyesha kwamba dawa ndiyo iliyookoa, inamnyang'anya bibi huyu kitu pekee kilichokuwa chake. Wanaonipinga nawaachia sauti hapa.

MCHUNGAJI: Ndugu mwandishi, unamvika mchawi kilemba cha ukoka. Sisi tunaohudumu hapa tunawajua waumini wanaouza mbuzi ili wamlipe mganga, kisha wanatuletea mgonjwa akiwa amekwisha. Mtoto akimwona mganga anawashinda wauaji huku mtumishi wa Mungu amejikunyata gizani, atakuwa amejifunza nini? Nchi hii iliyaacha mambo hayo. Mfalme Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Mnataka turudi wapi?

Mchungaji ana haki ya kuwakasirikia matapeli, na hakuna mstari katika makala hii utakaowatetea. Lakini tarehe alizozitaja zinadai tarehe nyingine. Kabla ya Rudahigwa kubatizwa, baba yake, Yuhi Musinga, aliyekataa ubatizo, alikwisha kuondolewa kwenye kiti na Wabelgiji Novemba 1931. Ibada ya zamani haikuachwa tu; ilisukumwa nje ya mlango wa mbele, ikaingia kwa mlango wa nyuma na kukaa kimya. Zaidi ya nusu karne baadaye, watu waliokimbilia makanisani Ntarama, Nyamata na Nyange waliuawa humo humo. Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya waliojificha ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, akahukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Rufani ya mwaka 2008 ilimpa kifungo cha maisha. Hivyo filamu haikumtungia mchungaji wake aibu. Ilimkuta nayo.

Hata hivyo, anayeishia hapo na kutangaza kwamba Nyabingi amemshinda Kristo atakuwa amesoma nusu ya ushahidi, na nusu ya pili iko hapa hapa Gisenyi. Félicité Niyitegeka, mwanamke aliyejitoa kwa utumishi wa kanisa, alisimamia Kituo cha Mtakatifu Petro mjini hapa. Hakuwa miongoni mwa waliowindwa. Aliwaficha Watutsi, akawasaidia wengine kuvuka kwenda Goma, na kaka yake, kanali wa jeshi, alipomtaka ajiondoe aokoe roho yake, alikataa kuwaacha aliowahifadhi. Aliuawa Aprili 21, 1994, pamoja nao, pale palipoitwa Commune Rouge. Leo ni shujaa wa taifa wa daraja la Imena. Waweke wanawake hawa wawili bega kwa bega. Wote walifungua mlango, na wote walikataa kuufunga hata kwa faida yao. Mmoja aliokoa zaidi ya 100 akaishi hadi uzeeni. Mwingine alikufa na watu wake. Je, Mungu wa Félicité alikuwa dhaifu kuliko Nyabingi wa Zura? Mchungaji hawezi kukubali hilo, nami sioni sababu ya kulikubali. Tofauti ilikuwa kwa wauaji. Wengi wao walikuwa wamebatizwa, walijua sala, na walijua kwamba mtumishi wa kanisa, hata wakimuua, atawaombea msamaha. Laana ya bibi wa Ruhango ilikuwa habari nyingine. Walimkanyaga aliyewaombea, wakamkwepa aliyewalaani. Hilo ni shitaka dhidi ya imani ya wauaji, na sidhani kama kuna mahubiri makali zaidi ambayo mchungaji angeweza kuyapata bure kutoka kwenye filamu.

KIJANA WA KAMERA: Mzee, nakuheshimu, lakini sharti lako litaniua njaa. Ukiniambia uchawi usifanye kazi kwenye picha, nionyeshe nini? Watu wanakaa kwenye agasobanuye kwa sababu huko mtu anapaa, mwingine anageuka nyoka, na msimulizi anawasha moto. Bongo walitoa Nsyuka na Shumileta, watu wakagombania kanda. Nani atalipa pesa kumtazama bibi anayepaka majani?

Agasobanuye, kwa asiyejua, ni filamu za nje zinazosimuliwa upya kwa Kinyarwanda na mtu mmoja mwenye ulimi mwepesi, kazi ambayo marehemu Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, aliifanya ipendwe nchi nzima. Kijana ana hoja kuhusu mfuko wake, ila ajabu ya sinema ni kubwa kuliko kupaa. Chukua filamu inayojulikana kuliko zote za msafiri na mchawi mwema, The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Dorothy anapotua ugenini, Glinda anamshukia ndani ya povu linalong'aa, mrembo, mweupe, amevaa taji. Mchawi mbaya ana ngozi ya kijani na pua ndefu. Mtazamaji hana kazi ya kufanya, wema umeshapambwa mbele yake. Kitu cha maana zaidi katika filamu ile kinakuja baadaye, pale mchawi mkuu wa mji anapogundulika kuwa mzee wa kawaida nyuma ya pazia, akivuta vyuma ili sauti yake ingurume. Sasa rudi Musamo. Bibi anayetikisa bangili ndani ya nyumba ya giza ni yule mzee wa nyuma ya pazia, na papo hapo ndiye Glinda. Hollywood iliwagawa watu wawili, mlaghai na mwema, kwa kuwa haikuwa na kisa cha mtu ambaye ulaghai wake ndio wema wake. Sisi tunacho. Mtengeneza filamu anayelalamika kwamba hana cha kuonyesha aiweke kamera ndani, chini ya kitanda, pamoja na waliojificha, wanaojua kwamba mlio ule ni wa bangili na wanaoomba walio nje wasijue. Hakuna kupaa kutakakoshinda hapo.

Wala si mara ya kwanza kwa eneo letu kufanya hivi. Tanzania iliwahi kupeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar filamu ya Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001. Humo msafiri ni Daktari Asira, Mmarekani mweusi anayekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na anakutana na Samehe, anayechezwa na Amandina Lihamba, mwanamke aliyenyamaza kwa takriban miaka 20. Pembeni yao anatembea Maangamizi, kikongwe wa zama, mzimu anayeongoza badala ya kutisha. Mzimu yupo kweli kwenye picha, hilo nalikubali. Lakini kinachomfanya mtazamaji asubiri ni kinywa cha Samehe, kama kitafunguka. Umuhire naye alirudi kwenye maudhui haya mwaka 2023 katika Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, filamu iliyopata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes. Pale mambo yamepinduliwa: msafiri ndiye anayeitwa mchawi. Koffi anatoka Ubelgiji na mchumba wake kuja kuwasalimu wazazi, usoni ana alama ya kuzaliwa, pua yake inatoka damu inamdondokea mtoto mchanga, na ukoo unakata shauri pale pale. Vinyago, mavazi na moshi vimejaa tele humo. Kijana hatakosa cha kuonyesha.

MWALIMU WA HISTORIA: Mimi nina mashaka mawili, na la kwanza ni zito. Mauaji ya kimbari si ngano. Wapo wanaoyakana hadi leo, na ukiweka mizimu karibu na ushahidi unawapa pa kushika. La pili: kila tulipomtegemea mganga, tulizikana. Kinjikitile Ngwale, mganga wa vita vya Maji Maji, aliwaahidi watu kwamba risasi za Wajerumani zitakuwa maji. Walinyongwa, walipigwa risasi, na njaa ikamaliza kusini mwa Tanganyika. Huko unakotaka kutupeleka tumeshafika.

La kwanza lina jibu fupi. Mwongozaji alibadilisha jina la mhusika. Hakusema huyu ni Zura, alisema ametoka kwa Zura. Ushahidi unabaki kwenye kumbukumbu, mahakamani na vinywani mwa walionusurika, na filamu inabaki filamu. Hatari ingekuwapo kama ingechukua jina, tarehe na kijiji, halafu ikatia radi.

La pili ndilo lililonivuta zaidi, maana mwalimu ameleta ushahidi ambao naona unasimama upande wangu. Ebrahim Hussein aliliona mapema katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969: maji yalipokwisha kuaminiwa hayakuwa tena ya aliyeyatoa, hakuweza hata kuyarudisha. Sasa pima kisa kile na cha Musamo. Mwaka 1905 dawa ilikusudiwa kuwatia ujasiri waliokuwa nayo, na adui, mgeni kutoka Ujerumani, hakuijua wala hakuiogopa, bunduki haikusita. Mwaka 1994 dawa haikuwatia ujasiri waliojificha, ilimtia woga adui, na adui alikuwa mtu wa milima ile ile, aliyelelewa kwa hadithi zile zile. Uchawi unavuka kizingiti pale tu ambapo pande mbili zinaamini kitu kimoja. Nyabingi mwenyewe ana historia ya kuthibitisha hili. Muhumusa, mwanamke aliyewaongoza watu wa mpaka wa Rwanda na Uganda kwa jina la Nyabingi, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuwekwa Kampala mpaka kifo chake mwaka 1945. Roho iliyowatetemesha machifu haikumzuia afisa aliyemfunga. Mwaka mmoja baada ya kumkamata, Uganda ikatungiwa sheria dhidi ya uchawi. Kilichowasumbua watawala ni kwamba mwanamke asiye na jeshi la kudumu aliweza kuwakusanya watu kwa kilichomo vichwani mwao. Jina hilo hilo, lililoshindwa mbele ya bunduki ya Mwingereza, lilitosha mbele ya panga la jirani. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi wake visa hivi vitatu kwa pamoja, hakuna atakayetoka darasani akitafuta maji ya kuzuia risasi.

MAMA WA MPAKANI: Ninyi mnazungumza kama watu ambao hamjawahi kusikia bibi akipigiwa kelele za mchawi usiku. Mimi navuka kila siku, nasikia. Mwaka 2021 huko Kivu ya Kusini wanawake waliuawa kwa neno hilo. Usukumani vikongwe walikatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Huyo Bibi Zura mnayemsifu aliokoka kwa vile waliamini kweli ni mchawi. Mtoto mmoja angekufa kijijini wiki ile, watu wale wale wangemchoma kwa imani ile ile. Sasa mnataka kwenda kuionyesha imani hiyo kwenye skrini, ikiwa imevikwa nguo nzuri?

Hii ndiyo hoja yenye meno kuliko zote zilizotangulia, na sitaipunguza makali. Kila nilichosema juu ya Zura kinamsaidia mama huyu. Kama nguvu zilikuwa za woga, basi woga huo ni mali ya kijiji, na kijiji hakimkopeshi mtu bila kudai. Wanamgambo waliokimbia upele wa Musamo na vijana wanaomzingira kikongwe wa Shinyanga wanaendeshwa na kitu kimoja. Filamu inayomaliza kisa chake usiku wa ushindi, wauaji wakitimua mbio na bibi akitabasamu mlangoni, inapeleka nyumbani nusu iliyo tamu, na nusu hiyo peke yake ni hatari. Mtazamaji anajifunza kwamba bibi wa namna ile ana nguvu kweli. Kesho mtoto akiugua, atajua wa kumuuliza.

Lakini fikiria tiba ambayo mama anaelekea kuipendekeza, yaani tusiionyeshe imani hiyo kabisa. Waliouawa Usukumani hawakuuawa na watu waliotazama filamu nyingi mno juu ya wachawi wema. Waliuawa katika jamii ambazo hadithi ya pekee juu ya mwanamke mzee, mjane, mwenye nyumba ya peke yake, ni ile inayomaliziwa kwa panga. Kanda nyingi za kutisha anazozitamani kijana wa kamera ndizo zinazoilisha hadithi hiyo: kikongwe anacheka, mtoto anakufa, mchungaji au mganga mwingine anakuja kumaliza kazi. Ukimya hautaifuta, kinachoweza kuitikisa ni kisa ambacho mtazamaji analazimika kukaa ndani ya nyumba ya anayetuhumiwa na kuwaangalia wanaokuja kutokea huko. Mchungaji wa Bazigaga ameletwa kwa kazi hiyo. Ni mtu aliyekuwa tayari kuamini mabaya yote juu ya mwanamke huyu, na sasa uhai wa binti yake unategemea kama alikosea. Anayemtazama akiwa amekaa na tuhuma zake kama yeye hatoki salama.

Kwa hiyo sharti langu linaongezewa la pili, na mkopo huo nauandika kwa jina la mama wa mpakani: filamu ionyeshe deni. Zura aliishi miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari, katika kijiji ambacho jina la mchawi lilikuwa limemshika tangu kabla yake. Hapo pana filamu ndefu ambayo bado naisubiri. Nani anamletea bibi kuni mwaka 1996? Nani anapita mbali na uzio wake? Aliyeokolewa akiwa chini ya kitanda anamwitaje mbele ya watoto wake? Maswali hayo hayahitaji fedha za Uingereza wala moshi wa rangi. Yanahitaji mtu anayejua jinsi watu wa kijiji wanavyosalimiana na mtu wanayemwogopa na wanayedaiwa naye shukrani kwa wakati mmoja.

KIJANA WA KAMERA: Na ukishaitengeneza, nani ataitazama?

Tamasha la filamu la Hillywood, hapa Rwanda, lilionyesha njia lilipobeba skrini za kujazwa hewa na kuzisimamisha vijijini, watu wakakaa kwenye nyasi bila kiingilio. Skrini kama hiyo inasimama vizuri Gisenyi, kwenye mchanga wa ufukwe au karibu na soko. Ningependa tu mwenye kushika kipaza sauti achaguliwe kwa uangalifu kuliko mwenye kushika kamera, kwa sababu msimulizi wa agasobanuye anaweza, kwa neno moja la utani, kumgeuza Bazigaga kuwa kikaragosi cha kawaida na kazi yote ikapotea. Na asimulie kwa Kiswahili cha mpakani pamoja na Kinyarwanda, kwa kuwa wengi wanaopaswa kukiona kisa hiki mpaka mwisho wake watakuwa wamevuka bariyeri asubuhi na wanasubiri kurudi Goma.